Siku Niliyomwangusha Dubu wa Umm Salal

Hadi leo nikifungua friza ya jikoni na ule ubaridi ukanipiga usoni, masikio yananiwaka moto kwa aibu, na Nakku (huyu Mganda ninayefanya naye kazi, mpishi wetu pale kazini Muaither, hapa Doha, mtu asiye na huruma hata chembe) ananitazama mimi, anatazama friza, halafu anauliza, "Wakesho, tukuletee zile mbao zako?" Basi kwa kuwa leo tumetoka kanisani mapema, na nyote mmeshasikia vipande vipande kutoka kwa Kevo wetu wa kwaya, na Kevo ameongeza chumvi mpaka chakula hakiliki, heri niwasimulie mwenyewe, mcheke mara moja yaishe, tuendelee na maisha.

Mambo yalianza na besdei ya dada yangu. Mnajua tulivyo sisi, mtu wako akiwa na siku yake ya kuzaliwa unatoa sura yako kwenye simu unaweka yake, ile picha ya duara ambayo watu wanaiona kabla hawajakuandikia, na anakaa hapo siku nzima kama ndiye mwenye namba. Dada Mkamburi aliolewa na Mzungu wa Austria, wanaishi kijiji fulani huko milimani, naye anasafisha vyumba katika hoteli ya watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji kwa hizo mbao wanaziita skii. Picha aliyokuwa amenitumia ilikuwa kali: kofia ngumu kichwani, miwani mikubwa ya kufunika nusu ya uso, mbao miguuni, na chini ya miwani hakuna kinachoonekana isipokuwa meno na ule mwanya ambao mama alitugawia sote wawili sawasawa. Nikaiweka. Nikaandika maneno ya upendo na mioyo myekundu. Nikaendelea kupiga pasi.

Lazima niwaambie jambo hapa, hata kama litaharibu kicheko kidogo. Mama alipofariki, dada hakuweza kuja kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimekwama, na mimi nilisafiri kutoka hapa peke yangu, nikafika Taveta, nikazika, nikarudi kazini. Tangu hapo hatujaonana ana kwa ana. Tunaongea kila siku, ndiyo, lakini simu haikumbatii mtu, na mimi nilikuwa nataka kumshika dada yangu, basi, sikuwa na ombi lingine duniani.

Sasa jioni ileile wanawake wa ukoo wakaja kwa madam, bosi wetu, wakaketi sebuleni, na mimi nikawa napita na birika la kahawa mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Mazungumzo yalikuwa ni likizo ya shule na wapi pa kwenda kwenye theluji. Nilielewa nusu, maana wanaanza kwa Kiarabu wanamalizia kwa Kiingereza, na hata ile nusu niliyoielewa ilinichanganya. Umm Khalid, wifi yake madam, alikuwa upande wa Ufaransa, akisema kuna hoteli huko unafungua mlango, unavaa mbao zako, umeshafika, hakuna kutembea wala kubeba kitu. Madam alikuwa mtu wa Uswisi, kwa ajili ya chokoleti na lile gari-moshi dogo la kupanda mlima, na kwa sababu picha zinatoka vizuri. Naye Yumma (ndivyo sote tunavyomwita mama yake baba watoto, yaani mama mkwe wa madam, mwenye nyumba hasa ni yeye) akasema kwa sauti yake ya kumaliza maneno, "Uturuki. Chakula ni halali, adhana unaisikia, na chai ni chai." Mimi nikawa najiuliza, hawa watu wana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba na viyoyozi hadi kwenye korido, sasa wanalipa kwenda kuanguka kwenye baridi, na wanabishana ni wapi kuanguka ni kutamu zaidi?

Mara nikamsikia madam anasema, "Lakini tunabishana nini, na sisi tuna bingwa humu ndani?" Akainua simu yake. Na pale kwenye simu, mbele ya wanawake wote, alikuwa dada yangu na mwanya wake.

"Grace, huyu ni wewe?" (Kazini mimi ni Grace, Wakesho iliwashinda siku ya kwanza.)

Sasa nyinyi mnaofanya kazi za nyumbani mtanielewa. Nyumba ile jibu la kila swali ni moja. Umepiga pasi? Yes, madam. Umekula? Yes, madam, hata kama hujala. Ulimi wangu umezoea njia hiyo, unapita wenyewe bila kuniuliza, na siku ile ulipita.

"Yes, madam."

"Ni wapi hapa?"

"Austria, madam," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli kuhusu picha.

Kabla sijapata nafasi ya kurekebisha, madam mwenyewe akawaeleza wenzake kwamba lazima ni ile familia niliyoifanyia kazi kwanza kule Abu Hamour ndiyo iliyonipeleka (jamani, familia ile mbali kabisa iliponipeleka ni ufukweni, nikakaa ndani ya gari nikilinda viatu). Wote wakanigeukia kwa heshima mpya. Umm Khalid akauliza, "Haya, wewe umeyaona, tuambie, wapi ni bora?"

Hapo ndipo ningeweza kucheka nikasema ni dada yangu, akina madam wangecheka, kahawa ingeendelea. Lakini nilisikia lile neno Austria bado liko hewani. Nikajiona nashuka kwenye basi na dada amesimama ananingoja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Austria, madam. Wallah hakuna kama Austria."

Nikamwaga yote ambayo dada amewahi kunisimulia. Nikawaambia viti vya kupandia mlima vina joto kwa chini, makalio hayagandi. Nikawaambia kuna mkeka unaotembea wenyewe, watoto wanasimama tu unawapandisha. Nikasifu supu. Waliponiuliza Ufaransa je, nikasema foleni, madam, foleni ni ndefu (sijui nilizitoa wapi foleni). Uswisi? Nikasema theluji yake ni kavu. "Kavu vipi?" madam akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua kweli. Nikasema, "Kavu tu, madam." Wakatikisa vichwa, wakaamini, na mmoja akasema hata yeye alihisi hivyo. Yumma peke yake alinikazia macho. "Na Uturuki?" Nikaogopa, nikasema Uturuki pia ni kuzuri sana, Yumma, nikakimbilia jikoni.

Nakku alikuwa amesikia kila kitu mlangoni. "Banange," akasema, "wewe theluji umeiona wapi?"

"Kwetu Taveta. Juu ya Kilimanjaro."

"Uliipanda?"

"Niliitazama nikianika nguo."

Kumbe utani wangu ulikuwa umeshaiva. Kwa kawaida likizo ikifika wanamchukua Nakku kwa sababu ya chakula, na mwenyewe hapendi, anasema baridi ya kwao Kabale inamtosha hadi kaburini. Kesho yake madam akatangaza kwamba safari hii ni Austria, na atakayekwenda ni Grace, kwa sababu ataweza kuwaangalia watoto wake, Maha na Saud, hukohuko kwenye mteremko badala ya kulipa mwalimu. Nikaenda chumba cha kufulia nikampigia dada. Alipiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akaniambia kijiji anachokitaja madam anakijua, ni basi moja tu kutoka kwake, akaanza kunipangia chapati atakazonipikia. Sikumwambia habari ya picha. Nilijiambia, nikishafika huko nitasema mguu unauma, nani atanilazimisha?

Sikujua kwamba theluji inaweza kunifuata hapahapa Doha.

Ile wiki ambayo madam alikuwa anataka kulipia hoteli, akasema tuingie garini sote, twende kule mall ya upande wa Umm Salal kwenye ukumbi wa theluji, ili Grace awaanzishe watoto kabla ya safari. Sote maana yake sote: madam, baba watoto, Yumma na shali zake, Umm Khalid na wanawe na simu yake ya kurekodi. Nje jua linachoma lami, ndani tunapewa makoti na glavu. Nikaomba kwenda msalani. Nikampigia dada, nikamweleza yote kwa pumzi moja, picha, viti, theluji kavu, na kwamba nina dakika chache niwe bingwa.

Akasema polepole, "Wake, mdogo wangu, mimi sijawahi kuteleza hata siku moja."

"Na ile picha?"

"Vitu vya mgeni. Alikuwa amekwenda kula. Nikavaa, mwenzangu akanipiga picha, nikavua, nikatandika kitanda."

Jamani, nilikaa juu ya kile choo nikiwa sijui hata nicheke au nilie, kumbe nimewasifia watu mlima mzima kwa maneno ya mtu anayeuona dirishani akibadilisha mashuka! Nikamwambia anipe basi hata kile anachokiona dirishani. Akasema anaona walimu wakiwafundisha watoto wadogo kuweka miguu kama kipande cha pizza, hiyo ndiyo breki. Nikamuuliza ncha ya kipande iwe wapi, na mtandao ukakatika.

Viatu vya skii, wenzangu, si viatu, ni ndoo zilizojaa saruji. Kijana wa Kinepali anayesimamia mteremko akanifunga zile mbao akaniuliza kwa upole, "First time?" Nikafungua mdomo niseme ndiyo, baba, ni mara ya kwanza, niokoe, lakini madam akawahi, "No, no, she is expert," kwa fahari, kama mama anayemtaja mwanawe aliyeongoza darasa. Kijana akanisalimu kwa kichwa na badala ya kunipeleka kule kwa watoto akanipeleka juu. Mteremko wenyewe si mrefu. Nyinyi mngeuona mngesema ni hicho tu? Mimi nilipofika juu nikaona watu wa chini wamekuwa wadogo, na Maha ananipungia mkono akiita kwa Kiswahili changu mwenyewe, "Gresi, twende! Twende!" (Yule mtoto nimemlea tangu hajasema neno, anaongea Kiswahili cha Taveta, hata kuzomea anajua.)

Nikakumbuka pizza. Nikaweka visigino pamoja, vidole nje.

Sasa nimeshaelezwa kwamba ni kinyume kabisa, ncha ya pizza inakwenda mbele, lakini siku ile nani angeniambia? Nilianza kushuka taratibu nikafikiri, kumbe ni rahisi, halafu mguu mmoja ukaenda zake na mwingine ukaenda zake, na mimi katikati nikaenda zangu, mikono juu, nikimwita Yesu na mama yangu na madam kwa zamu. Pale chini alikuwa amesimama dubu mweupe mkubwa, yule wa kukumbatia watoto wapigwe picha, na watoto walipoona ninavyokuja wakaruka pembeni kwa akili, lakini dubu alikuwa amenipa mgongo.

Tulianguka pamoja. Nilisikia mlio, nikasikia theluji inaingia mpaka kifuani, na nilipofungua macho nikaona kichwa cha dubu kinabingirika peke yake kwenda kwa Yumma. Watoto wote wakapiga mayowe. Saud alilia kwa uchungu kwamba Gresi amemkata dubu kichwa. Na kutoka shingoni mwa dubu kikatokea kichwa kingine, cheusi, kimelowa jasho kwenye baridi yote ile, kikasema:

"Aki mathee, unataka kuniua?"

Alikuwa Kevo. Kevo wetu huyu wa besi, aliyekuwa anatuambia siku zote kwamba yuko "upande wa burudani" hatujui ni burudani gani! Naye akanitambua, na badala ya kunyamaza kama Mkristo, akasema kwa sauti ileile ya kwaya, "Wakesho? Si juzi tu ulikuwa unaniuliza kama theluji inalowesha nguo? Nani amekupandisha huko na hujawahi hata kuikanyaga?"

Nikapumua. Nikajiambia, amesema Kiswahili, hakuna aliyeelewa. Nikaanza hata kutabasamu.

Ndipo Maha, mtoto wangu wa kulea, roho yangu, akamgeukia mama yake, akatafsiri kwa Kiarabu, neno kwa neno, polepole, kwa sauti ya kusoma shuleni, kwamba dubu anasema Gresi hajawahi kukanyaga theluji, na juzi alimuuliza kama inalowesha nguo.

Umm Khalid alikuwa bado anarekodi. Msimamizi akaja mbio, si kwangu, kwa Kevo, kwa sababu dubu haruhusiwi kuvua kichwa wala kuongea mbele ya watoto, na madam ikabidi amwombee dubu msamaha kwanza kabla hajajua anifanye nini mimi. Niliketi pale chini na mbao zimepishana, nikijaribu kuvua glavu, sijui kwa nini glavu, na nilitamani theluji inifunike kabisa. Yumma akakiokota kile kichwa cha dubu, akakipapasa masikio, akampa Kevo mkononi. Halafu akamwambia baba watoto, mwanawe, "Huyu ndiye aliyetupangia Austria? Khalas. Uturuki." Na baba watoto akatoa simu akalipia hoteli ya Uturuki hapohapo, mama yake amesimama begani, kwa maana Yumma akisema khalas katika nyumba ile hakuna rufaa.

Garini Saud aliuliza njia nzima kama dubu amepona.

Tulipofika nyumbani madam alinifuata jikoni. Nakku akajifanya anatafuta kitunguu. "Yule wa kwenye picha ni nani?" madam akauliza. Nikasema ni dada yangu. Nikamweleza besdei, nikamweleza anaishi huko, nikamweleza mama, na nilipofika kwa mama nikalia na nguo zangu bado zimelowa. Madam hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia kabisa, akasema, "Lakini Grace, kwa nini hukuniambia? Uliniambia habari za viti. Mimi theluji yote kwangu ni sawa, nilipinga Uturuki kwa ubishi tu. Ungesema una dada huko, tungekwenda huko. Neno moja tu."

Neno moja tu. Nililiweka wapi lile neno, na nilikuwa na mengine mengi ya foleni na supu? Sijaelewa hadi leo. Labda niliogopa kwamba nikiomba kitu changu nitanyimwa, na nikisema cha uongo kuhusu makalio yao nitasikilizwa. Na kweli nilisikilizwa.

Uturuki nilikwenda, msifikiri niliachwa. Maha aligoma kufunga sanduku bila mimi. Chakula kilikuwa halali, adhana niliisikia, chai ilikuwa chai, Yumma alikuwa amefurahi mno hata akanipa shali yake moja. Theluji ilikuwa tele, na ndiyo, inalowesha nguo, msije mkaniuliza tena. Kila mtu alipata alichopenda. Nilisimama nje ya hoteli nikampigia dada kwa video, naye akatokea akiwa koridoni na aproni yake, dirishani nyuma yake mlima mweupe, na nyuma yangu mlima mweupe. Akagusa kioo cha simu kwa kidole. Akasema, "Umesogea, Wake." Nikasema nimesogea, lakini sio kwako, na tukalia wote wawili, sauti kubwa bila haya, hata wageni wa hoteli yake wakawa wanapita pembeni.

Basi nimeapa. Jibu la yes, madam nimeliacha kwa mambo ya pasi. Wiki iliyopita madam aliniita sebuleni, wakaanza tena na wifi yake, Ufaransa, Uswisi, nani ana mteremko mpana, na Umm Khalid akacheka akaniuliza bingwa unasemaje. Niliweka birika chini kwanza, mikono iwe mitupu. Nikasema, "Sijui mahali popote pazuri pa skii, madam. Ninachojua ni kwamba dada yangu yuko Austria na nataka kumwona."

Madam akasema, "Inshallah, Grace."

Sasa nyinyi wazee wa Ghuba, mliokaa na mabosi wa kila aina, ndiyo nimewaleta hapa niwaulize: hiyo ni ndiyo, au ni hapana ya heshima? Nakku anasema ni hapana. Kevo anaapa ni ndiyo. Mimi sijui, nimeigeuza kichwani wiki nzima sijui. Lakini dada, nilipomwambia, hakuuliza maana yake kwa mtu, alivua aproni akaenda ofisini kuomba likizo.